Mgeni Aliyekaa Kooni

Watu wengine hukoroma. Zahoro alikuwa anapasua mbao. Pale kijijini Maruku, jirani yao Ishengoma alizoea kusema kwamba siku mashine ya kusaga ikiharibika hakuna haja ya kumwita fundi, Zahoro alazwe tu karibu na mahindi. Nuriat, mke wa Zahoro, alikuwa ameucheka utani huo tangu alipokuja pale akiwa bibi harusi, na kila Ishengoma akiurudia alikuwa anamjibu kwamba afadhali mume anayekoroma kwake kuliko anayekaa kimya kwa jirani.

Mkoromo wenyewe ulikuwa wa mchana. Zahoro alikuwa mwokaji wa mikate mjini Bukoba. Usiku kucha yuko mbele ya tanuri, asubuhi anarudi kwa pikipiki akinuka hamira, anaoga, anakunywa uji, analala mpaka alasiri. Nuriat alikuwa anashona nguo za watu barazani, chini ya dirisha la chumba chao, cherehani na mkoromo vikipokezana. Aliuzoea hivi kwamba kilichomshtua si kelele, ni kelele kukoma.

Na ulikuwa unakoma. Ulipanda, ukakwama, ukakatika; kifua kikatulia; kisha baada ya kitambo Zahoro akavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyetolewa ziwani, mkoromo ukaanza upya. Jambo hilo lilianza baada ya Zahoro kurudi kutoka Kishanda, huko Muleba, kwenye matanga ya mjomba wake Najibu. Nuriat alidhani ni uchovu wa msiba.

Asubuhi moja, mvua ikiwa imetoka kunyesha na jua likiwaka juu ya migomba, mkoromo ulikatika kama kawaida. Nuriat akatoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, akangoja ile pumzi ya kishindo. Na ndani ya ule ukimya akasikia mtu anatafuna.

Alikuwa anatafuna polepole, bila haraka, mtu mwenye siku nzima mbele yake. Aliyekulia Kagera haulizi sauti ile ni ya nini. Ni emwani, kahawa iliyochemshwa na majani yake ya harufu ikakaushwa juani, ile anayopewa mgeni mkononi kabla hajaulizwa habari za alikotoka. Ganda linapasuka kati ya meno, linasagwa, linatemwa.

Nuriat akaingia chumbani. Zahoro alikuwa chali, kinywa wazi, kifua hakipandi wala hakishuki. Taya zake zilikuwa zimetulia tuli. Lakini kule kutafuna kulikuwa kunatoka ndani ya kinywa kile kile ambacho hakikuwa kinacheza, na pamoja nako harufu ya tope la bondeni, lile la penye mafunjo, ambalo halijawahi kuliona jua.

"Baba Shadya!" Alimtikisa kwa mikono miwili. "Baba Shadya, amka!"

Zahoro akavuta pumzi, akaketi, macho mekundu.

"Umekula kahawa?" Nuriat alinong'ona.

"Kahawa? Na jino hili langu bovu?" Akashika kichwa. "Kinaniuma kichwa. Mbona unanong'ona?"

Juu ya mto palikuwa na ganda moja la kahawa. Lilikuwa limelowa, na Nuriat alipoligusa lilikuwa na joto la mdomoni.

Hakumwambia. Aliliokota kwa kipande cha kitambaa, akalitupa chooni, akanawa. Nuriat hakuwa mtu wa kupiga yowe kabla hajajua anapiga yowe kwa sababu ya nani.

Zahoro akaanza kuisha. Alisinzia kwenye sahani. Alisinzia msikitini kwenye sijda mpaka aliyekuwa pembeni yake akamgusa bega. Kisha usiku mmoja alisinzia akiwa wima mbele ya tanuri, akaangukia mlango wake, akarudi nyumbani na mkono uliofungwa bendeji kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Nuriat aliuangalia mkono ule, moyo ukamuuma, na hasira ikamjaa papo hapo. Safari hii ulikuwa mkono. Safari ijayo ingekuwa pumzi ile isiyorudi, na yeye angebaki na binti yao Shadya aliye shule ya bweni na cherehani isiyo na wa kupokezana naye.

Akampeleka mjini kwa Daktari Clotilda, mtaalamu wa koo na masikio, mwanamke mpole mwenye miwani iliyoning'inia kwa mkufu. Daktari akammulika kinywani.

"Ukilala, nyama za koo zinalegea," alisema. "Ulimi unaanguka nyuma, njia ya hewa inaziba. Mwili unakosa hewa mpaka unashtuka wenyewe. Si kitu cha kuchekea, kinaua. Nawaandikia rufaa mwende Mwanza mkapimwe usingizi, huenda ukapewa mashine ya kupulizia hewa. Mpaka siku hiyo ifike, usilale chali. Na utafanya mazoezi."

"Ya kukimbia?" Zahoro aliuliza.

"Ya ulimi."

Akamwonyesha. Ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, kisha uivute nyuma ukipapasa kaakaa. Ulimi wote ubandikwe juu, ukandamizwe, ushikiliwe. Ulimi wote ushushwe chini ncha ikigusa meno ya mbele. Kupuliza puto. Kutafuna kwa pande zote mbili. Na kuimba a, e, i, o, u, kwa nguvu, koo likiwa wazi. Kila siku, bila kuruka, na wasitarajie matunda ya haraka.

Njiani Zahoro alikuwa ananung'unika. "Mtu mzima nikae barazani natoa ulimi! Ishengoma akiniona?"

"Akikuona utamtolea na yeye," alisema Nuriat. "Utaanza leo."

Akaanza. Alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani, akavuta ulimi, akabandika ulimi, jasho likimtoka, na Ishengoma alipochungulia juu ya uzio akacheka mpaka akakaa chini. Nuriat naye alicheka. Kisha ikafika zamu ya kuimba.

"Aaaa," aliimba Zahoro.

"Aaaa," ikajibu sauti kutoka chumbani.

Zahoro akanyamaza. Ishengoma alikuwa ameshaondoka. Ndani hapakuwa na mtu.

"Ni mwangwi," Zahoro alisema taratibu.

"Endelea."

"Eeee," akaimba, na kule ndani ikajibiwa "Eeee," kwa sauti yake mwenyewe, lakini ikiwa imelowa. Na Zahoro alipofunga kinywa, ile ya ndani haikufunga, iliendelea kuimba peke yake, ikishuka, ikishuka, mpaka ikawa mkoromo.

Siku ya pili yake Bi Mastura, mama yake Zahoro, akafika kutoka Kishanda na mkungu wa ndizi na maharage ya kumletea mgonjwa. Aliketi chumbani kumpepea mwanawe aliyelala. Nuriat alikuwa jikoni aliposikia, "Mae! Mae!" na alipokimbilia huko akamkuta mama mkwe amebandikana na ukuta, kanga imemwanguka.

"Kuna anayetafuna," alinong'ona Bi Mastura. "Mwanangu, kuna anayetafuna ndani ya mwanangu."

"Najua, mama. Niko naye muda sasa."

Wakamwita Sheikh Muhidini. Alikuja baada ya adhuhuri, mzee msafi wa kanzu na wa maneno, akamlaza Zahoro ubavu, akamwekea mkono kichwani, akasoma. Nuriat alitegemea ukelele, vyombo vikivunjika, kama watu wanavyosimulia. Haikuwa hivyo. Kutafuna kulikoma. Kitu kile kilisikiliza. Sheikh alisoma kwa kirefu, na alipomaliza dua, wao watatu wakaitikia "Amin," na kutoka kinywani mwa Zahoro aliyelala fofofo, bila taya kucheza, sauti ya nne ikaitikia "Amin" kwa adabu kabisa.

Sheikh akatoka barazani. Akaificha mikono yake ndani ya mikono ya kanzu.

"Ningekuwa nimekuta mvamizi ningemtoa," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hajavamia. Anaitikia kama mtu mwenye mwenyeji wake. Muulizeni kijana alimkaribisha nani."

Walimuuliza Zahoro alipoamka. Alikana. Kisha Bi Mastura akamuuliza swali moja tu: kule Kishanda, kwenye matanga ya mjomba wake, alimpa nani kahawa? Zahoro akaanza kuukuna mkono wake wenye bendeji.

Alfajiri ile, alisema, wanaume walikuwa wamelala juu ya majani nje ya nyumba ya msiba, moto umeshakuwa jivu. Yeye alikuwa anakesha na kikapu kidogo cha kahawa ya waombolezaji. Akasikia mtu nyuma yake anapiga hodi. Usingizi ulikuwa umemlemea, hakugeuka. Alipitisha kikapu juu ya bega kumpa aliyekuwa nyuma, akasema "Nyegera, waitu," kama anavyokaribishwa mtu yeyote. Mkono uliochota ulikuwa wa baridi na umelowa. Alifikiri ni mtu aliyetembea kwenye umande kutoka bondeni.

"Hukumtazama uso?" mama yake aliuliza.

"Nilikuwa na usingizi, mama."

"Ukasema nini kingine?"

Zahoro aliinamisha kichwa. "Nilimwambia na kwetu Maruku nako akaribie. Ni maneno tu ya heshima. Kila mtu husema."

Hakuna kosa jepesi kuliko hilo kwa mtu aliyelelewa vizuri. Mtoto wa Kihaya hufundishwa kutoa kahawa kabla hajafundishwa kuvaa viatu, lakini hufundishwa pia kutoa kwa kumtazama mtu, ajue anampa nani. Na kahawa ikishatafunwa, mgeni ni mgeni. Huwezi kumwambia toka.

"Basi tumridhishe," Bi Mastura alinong'ona akitazama dirisha. "Tumwekee kahawa nyingine kwenye sahani, na kuku mweupe. Akishiba huenda atakuwa mwepesi."

"Hapana," alisema Nuriat.

"Mwanangu, usiseme kwa sauti."

"Nasema kwa sauti ili asikie!" Nuriat alisimama. Alikuwa anaogopa, na ndiyo maana alisema kwa sauti. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hayo nayo ni maneno ya heshima, na ni ya wazee vile vile. Huyu ana miezi hapa. Anakula, analala, hata maji hajachota. Kuku? Nimlishe kuku anayemnyonga mume wangu?"

"Sheikh kashindwa, na wewe utaweza?" Zahoro aliuliza kwa unyonge.

"Sheikh hakukaribisha mtu. Sisi ndio wenyeji. Daktari anasema koo lako limelegea, sheikh anasema una mgeni. Mimi naona wote wamesema kweli. Mgeni hukaa penye nafasi. Wewe mnyime nafasi, mimi nitampa jembe."

Tangu siku hiyo Zahoro alifanya mazoezi bila kununa. Aliomba ruhusa kazini, akaimba a, e, i, o, u barazani huku kile kitu kikiimba ndani, na yeye akapandisha sauti mpaka Ishengoma akaacha kucheka akawa anauliza kulikoni. Nuriat alimshonea fulana yenye mfuko mgongoni, akatia mpira wa mtoto ndani yake ili asiweze kulala chali. Ulimi ulikuwa unamuuma jioni. Kitu nacho kilinuna: asubuhi moja walikuta maputo yote yamepasuliwa, katika kila moja limeachwa ganda la kahawa. Nuriat akanunua maputo mengine.

Zikapita wiki. Mkoromo ulipungua, ukawa wa mtu wa kawaida. Bi Mastura, aliyekuwa amekataa kurudi kwake, akaanza kutabasamu.

Ndipo ikaja ile adhuhuri ya mvua kubwa, mvua ya Bukoba inayopiga mabati mpaka watu wa chumba kimoja wasisikilizane. Nuriat alikuwa ameketi kando ya kitanda, jembe limeegemea ukuta, Bi Mastura mlangoni na tasbihi. Zahoro alikuwa amelala ubavu. Mbele ya macho yao bega lake likasukumwa, taratibu, na mkono wasiouona, ule mpira mgongoni ukaminywa ukapasuka, na Zahoro akalazwa chali.

Mkoromo ukakatika. Mvua nayo, kwa namna ambayo Nuriat hakuwahi kuielewa, ikaonekana kusogea mbali, mabati yakanyamaza, ukabaki ukimya na ile harufu ya tope la mafunjo ikipanda kutoka chini ya kitanda, na macho ya Zahoro yakafunguka, yakamtazama, macho ya mtu aliyeamka kabisa ndani ya mwili uliokataa kuamka, hawezi kuinua kidole, hawezi kupepesa ukope, kifua kimetulia, midomo inaanza kuwa ya bluu, na ndani ya kinywa kile kilichoachwa wazi akaona, nyuma kabisa ya ulimi, pale penye giza, kitu kimeketi kwa raha zake kikitafuna, na kikaacha kutafuna, kikamtazama na yeye.

"Nyegera, waitu," kilisema kwa sauti ya Zahoro.

Bi Mastura akaanguka chini. Nuriat alitaka kukimbia. Miguu yake yote miwili ilitaka. Akajishika kitandani.

"Ulikaribishwa," alisema, meno yakigongana. "Sikatai. Kahawa umetafuna, umelala, umeitikia na dua. Sasa sikiliza, mimi ndiye mama wa nyumba hii na mgeni wa nyumba hii nimemchoka!"

Kitu kikatafuna.

"Baba Shadya!" Aliinama juu ya yale macho. "Usinitazame hivyo, mimi siagani na mtu leo. Ulimi juu! Kama barazani. Ubandike, ukandamize. Sukuma!"

Machozi yalimtoka Zahoro pembeni ya macho. Hakuna kilichocheza. Kisha Nuriat akaona, chini ya kidevu, nyama ikijikaza kidogo. Ulimi ule uliokuwa umetaabika wiki baada ya wiki, uliotolewa na kuvutwa na kuchekwa na Ishengoma, ukajiinua kutoka ulikoanguka, ukatetemeka, ukabandikwa kwenye kaakaa.

"Shikilia! Usiachie, mume wangu, shikilia!"

Kule nyuma kikasikika kitu kinachobanwa mlangoni. Kikaguna. Kikakohoa kwa sauti ya Zahoro, kwa sauti ya mjomba Najibu marehemu, kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu, na Zahoro akapinduka ubavu akatapika sakafuni tope jeusi lililochanganyika na maganda ya kahawa, kisha akavuta pumzi ndefu iliyomfanya Nuriat apige ukelele wa furaha. Tope likajikusanya. Likasimama kando ya kitanda, refu, halina uso.

Nuriat akanyakua jembe, akalisukuma mbele kwa mpini, kama unavyompa mtu kwa heshima.

"Siku yako ya tatu imeshapita," alisema. "Chukua ukalime."

Mpini ulishikwa. Alihisi baridi ikipanda kwenye mti mpaka vidoleni mwake, kisha uzito wa jembe ukaondoka. Mlango wa nyuma ulifunguka, mvua ikarudi juu ya mabati, na jembe likasikika likiburuzwa matopeni kuelekea migombani.

Hawakuthubutu kutoka mpaka mvua ilipokatika. Jua lilikuwa limerudi. Kwenye kibanja, kati ya migomba na mibuni, palikuwa pamechimbwa shimo. Jembe lilikuwa limeegemezwa kwenye mgomba, limeoshwa, hata tone la udongo halina. Shimo lilikuwa refu, lenye kuta zilizonyooka, na pande zake zilipanuka kidogo penye mabega. Zahoro alisimama ukingoni akalitazama. Hakuwa na haja ya kulala ndani kujua lingemtosha.

"Mae," Bi Mastura alianza kulia. "Kafanya kazi uliyompa, mwanangu. Kafanya!"

Nuriat naye aliogopa, aliogopa kuliko alivyoogopa chumbani. Kisha akaitazama ile kazi, udongo mweusi ulivyopangwa vizuri pembeni, hasira yake ikarudi ikamshika mkono.

"Amechimba vizuri," alisema. "Anajua kulima kumbe, ni uvivu tu. Baba Shadya, lete samadi."

"Samadi?"

"Shimo kwetu ni la mgomba. Yeye afikirie lake."

Wakamwaga samadi, wakapanda machipukizi matatu ya migomba, kichwani, katikati na miguuni, wakarudishia udongo. Zahoro akakanyagia kwa miguu yake mwenyewe. Kisha akasimama pale pale, akapanua koo, akaimba, "Aaaa." Waliangalia nyumba. Nyumba haikujibu.

Mwanza walikwenda, na mashine ya kupulizia hewa wakapata, na mazoezi ya ulimi hayakukoma. Migomba ile ilibeba mikungu ambayo Ishengoma alikuja kuikagua akiulizia mbegu. Bi Mastura hakuonja. Nuriat alipika, akala, akaongeza.

Bado, siku za mvua kubwa, Zahoro akiwa amelala na Nuriat yuko kwenye cherehani yake, mtu hupiga hodi nyuma ya nyumba kwa sauti iliyolowa. Nuriat hatoi mguu kwenye kanyagio. Husikiliza kwanza pumzi ya mumewe, inaingia, inatoka. Ndipo anapoinua shingo na kuita, Ishengoma naye asikie huko aliko:

"Jembe liko palepale!"

Na hatua hurudi bondeni.